Diskasi, Samaki Alishaye Watoto kwa Ngozi Yake

Askari aliyewahi kushindana katika michezo ya majeshi anakijua kisahani, kile kiduara kizito ambacho mtupaji hukizungusha na kukiachilia kwa nguvu zote za bega. Umbo la kisahani hicho ndilo lililompa jina samaki tunayekusudia kumzungumzia leo. Wataalamu humwita diskasi, na Wabrazili, ambao ndio wenye mito anamozaliwa, humwita acará-disco. Ukimtazama ubavuni ni duara karibu kamili. Ukimtazama kwa mbele ni mwembamba mithili ya sahani iliyosimamishwa kwa ukingo wake. Akikomaa hufikia sentimeta 15 hadi 20, naye huogelea polepole bila haraka yoyote, kama ofisa mkubwa akaguaye gwaride.

Huenda msomaji akauliza: watu wa bunduki na doria wana haja gani na habari za samaki wa pambo? Swali hilo ni la haki. Lakini maisha ya kambini yana saa ndefu baada ya zamu kumalizika, wala si kila mtu apendaye kuzimalizia kantini. Tena kazi ya kumzalisha diskasi nyumbani yahitaji mambo yale yale ambayo askari hufundishwa tangu siku ya kwanza: usafi, saa maalumu, uangalifu wa vitu vidogo, na subira. Wapo wafugaji hodari wa samaki wengine ambao diskasi amewashinda kwa miaka, si kwa sababu ya ukosefu wa fedha, bali kwa sababu ya kukosa utaratibu.

Maji ya rangi ya chai

Makao ya diskasi ni bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Karibu na mji wa Manaus mito miwili mikubwa hukutana: Solimões, wenye maji ya rangi ya tope, na Rio Negro, maana yake Mto Mweusi, ambao maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Weusi huo hautokani na uchafu. Ni majani na mizizi ya msitu yaliyoloweka humo muda mrefu, yakayafanya maji kuwa na uchachu na kuyanyima chokaa. Mahali pengi katika Rio Negro kipimo cha uchachu, ambacho wataalamu hukiandika pH, huwa chini ya 5. Kwa kulinganisha, maji yasiyo na uchachu wala magadi husimama kwenye 7.

Kila mwaka mito hiyo hupanda na kushuka. Hapo Manaus tofauti kati ya kina cha kiangazi na kina cha mafuriko hufikia kama mita 10. Maji yapandapo, msitu huzama, na samaki huingia katikati ya miti kutafuta chakula. Yashukapo, diskasi hukimbilia kwenye vidimbwi na pembe za mto zisizo na mkondo, wakajificha kwa makundi chini ya miti iliyoanguka. Sasa twaelewa kwa nini ana umbo jembamba: hupenya kati ya matawi na mizizi mahali ambapo samaki mnene angekwama. Ile mistari iliyosimama ubavuni mwake humfanya aonekane kama kivuli cha vijiti. Hayo ni mavazi ya kujificha ambayo hakuna fundi wa sare za jeshi angeweza kuyashona vizuri zaidi.

Mtu wa kwanza kumweleza kitaalamu alikuwa Johann Jakob Heckel wa Vienna, katika mwaka 1840. Heckel hakufika Brazili. Alitumia samaki waliokusanywa na Johann Natterer, mwananchi mwenzake wa Austria, ambaye alizunguka katika nchi hiyo tangu mwaka 1817 hadi 1835. Mwaka 1904 Mfaransa Jacques Pellegrin akaeleza aina nyingine, ile ambayo karibu diskasi wote wa kufugwa wa siku hizi wamechanganyika nayo. Idadi kamili ya aina zake ingali jambo la ubishi miongoni mwa wataalamu, na ubishi huo tunawaachia wao.

Kwetu sisi la maana zaidi ni kwamba diskasi si mgeni kabisa. Ukoo wake ni ule ule wa ngege tumlaye mezani, na wa furu, ambaye Waganda humwita nkejje na kumkausha kwa vijiti. Maziwa yetu ya Afrika Mashariki, yaani Viktoria, Tanganyika na Nyasa, yana mamia ya aina za ukoo huo. Na sifa kubwa ya ukoo mzima ni malezi. Samaki wengi hutaga na kwenda zao. Ngege jike huchukua mayai mdomoni, akakaa nayo siku nyingi bila kula, na hata vitoto vikisha kutoka hurudi mdomoni mwa mama wakiona hatari. Diskasi naye ni mlezi, ila njia yake ni nyingine.

Ngozi badala ya titi

Watu wa kwanza waliojaribu kumzalisha waliona ajabu. Mayai yaliangua vizuri, lakini vitoto vilivyotengwa na wazazi, kama ilivyo desturi kwa samaki wengi wa kufugwa, vilikufa kwa njaa hata vikipewa chakula kidogo kidogo cha kila namna. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kimarekani, W. H. Hildemann, aliandika katika jarida la kisayansi habari za malezi ya samaki huyu. Alieleza kwamba vitoto hujibandika kwenye ubavu wa mzazi na kula ute unaotoka katika ngozi yake.

Samaki wote wana ute. Ndio unaofanya ateleze mkononi mwa mvuvi. Lakini ute wa diskasi mwenye watoto hugeuka. Hunenepa, na mwili wa mzazi hukolea rangi hata kuwa kama wa moshi. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Jonathan Buckley na Katherine Sloman walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hilo. Walikuta kwamba wakati wa kulea, protini na kingamwili katika ute huo huongezeka, yaani mtoto hupata chakula na kinga kwa pamoja, kama vile mtoto wa binadamu apatavyo katika maziwa ya mama yake. Waliona pia kwamba kwa muda wa majuma mawili ya kwanza wazazi huvumilia kudonolewa mchana kutwa. Kisha kuanzia juma la tatu huanza kujitenga kidogo kidogo, wakiwalazimisha watoto kutafuta chakula kwingine. Hilo nalo akina mama wasomao ukurasa huu watalitambua mara moja: ni kuachisha ziwa.

Lililo zuri zaidi ni kwamba baba hunyonyesha sawa na mama. Mmoja akichoka, hujitikisa ghafla na kukimbia upande, na kundi zima la vitoto huhamia ubavuni mwa mwenzake. Aliyewahi kuona badiliko la zamu lililofanywa kwa nidhamu ataona kwamba hawa nao wanajua kazi.

Mambo ya tangi

Baada ya kumfahamu mwenyewe, tuje kwenye ufugaji. Jambo la kwanza ni maji, la pili ni maji, na la tatu vile vile.

Wapo watu ambao hununua tangi na samaki siku moja, wakaweka vyote pamoja jioni ile ile. Katika juma la pili samaki huanza kuhema juu juu, kisha hufa, na muuzaji hulaumiwa. Kumbe sababu iko wazi. Choo cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria ambao huigeuza amonia kuwa naitriti, nayo ni sumu, na bakteria wengine ambao huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadili maji. Bakteria hao huhitaji kiasi cha majuma manne hadi sita kujijenga katika chujio la tangi jipya. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara huandaa tangi kwanza, akaweka samaki wachache wagumu, au akatia amonia kidogo kwa vipimo, akasubiri. Diskasi huingia mwisho, nyumba ikiwa tayari.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huua samaki pia. Yakiachwa katika pipa lililo wazi kwa siku moja, hewa ikipulizwa humo, klorini hutoka. Ama kuhusu ugumu wa maji, kipimo cha mkono kipo katika kila nyumba: sabuni. Maji yanayokataa kutoa povu ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Diskasi waliozaliwa katika matangi huweza kuishi katika maji ya namna hiyo wakakua vizuri, lakini kuzaa ni jambo jingine. Wafugaji wameona kwamba katika maji magumu mayai mengi hugeuka meupe na kuoza, au mtoto hushindwa kutoka katika ganda lake. Maji ya mvua ndiyo laini kuliko yote, na katika nchi zetu hatuna uhaba nayo kwa miezi kadhaa. Yafaa tu kuacha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha kukinga ile inayofuata katika chombo cha plastiki kisichokuwa na historia ya mafuta wala dawa. Huchanganywa na maji ya bomba yaliyotulia, hadi kipimo cha pH kifikie kati ya 6 na 6.5. Haifai kutumia maji ya mvua matupu, kwani maji yasiyo na chumvi hata kidogo hubadilika uchachu ghafla, na ghafla ndiyo adui.

Wafugaji wa Asia hutia majani makavu ya mkungu, ule mti wa kivuli ambao watu wa pwani ya Mombasa na Dar es Salaam hupumzika chini yake na watoto hugonga kokwa zake. Majani hayo hutoa rangi ya chai na kuongeza uchachu kidogo, na maji hufanana na yale ya kwao Rio Negro. Ni dawa isiyogharimu kitu kwa aliye karibu na mti.

Tangi la kuzalia halihitaji mapambo. Mchemraba wa kioo wenye sentimeta 50 kila upande watosha jozi moja, nao hubeba kama lita 110 ukiacha nafasi juu. Chini hapawekwi mchanga, ili uchafu uonekane na kuvutwa kwa mpira kila siku. Chujio ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, kwa maana chujio lenye nguvu humeza vitoto. Joto liwe nyuzi 28 hadi 30 za Sentigredi. Hapo kifaa cha umeme cha kupasha maji ni cha lazima, hasa kwa wenzetu walioko Kabale au Mbale ambako usiku baridi huuma. Umeme ukikatika, tangi hufunikwa kwa blanketi zito pande zote. Maji mengi hupoa polepole. Hatari ya haraka zaidi ni kukosa hewa, na hapo pampu ndogo ya betri huokoa, au mtu aketi na kikombe akichota maji na kuyamimina kutoka juu.

Katikati ya tangi huwekwa chungu cha udongo kilichopinduliwa, au koni ya udongo wa kuchoma yenye urefu wa sentimeta 25 hadi 30. Hapo ndipo mayai yatakapobandikwa. Chungu kipya kiwe hakijapakwa rangi.

Kumtafuta mke

Dume na jike la diskasi hufanana mno. Wauzaji watadai kutambua kwa paji la uso au kwa ncha ya pezi, lakini uhakika hupatikana siku ya kutaga tu, pale kijibomba kidogo kinapojitokeza chini ya tumbo: cha jike ni kipana na butu, cha dume ni chembamba chenye ncha. Ndiyo maana tunamshauri anayeanza asinunue jozi iliyokwisha kuunganishwa, ambayo bei yake ni kubwa na mara nyingine ni majike wawili waliopendana. Anunue wadogo sita au wanane kutoka mahali pamoja, awakuze katika tangi kubwa, awaache wachaguane. Huchukua mwaka mmoja hivi, au mmoja na nusu.

Katika muda huo watahitaji kula vizuri mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Chakula kilichozoeleka duniani kote ni moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta na mishipa, ukasagwa pamoja na kamba wa maji, mchicha na vitamini, ukagandishwa katika jokofu na kukatwa vipande. Nyungunyungu waliooshwa na kukatwakatwa ni chakula bora vile vile. Kilichobaki baada ya dakika kumi kitolewe. Moyo wa ng'ombe ukiozea ndani ya tangi kwa usiku mmoja, asubuhi mtu hukuta maziko.

Siku moja wawili hujitenga pembeni na kuwafukuza wengine. Huinamiana kama watu wanaosalimiana kwa heshima, hutetemeka, na kuanza kusafisha chungu kwa midomo. Hao wahamishiwe tangi lao. Kwa kawaida hutaga jioni: jike hupanda juu ya chungu akibandika mayai kwa mistari, na dume hufuata nyuma yake akiyarutubisha. Kwa saa moja au zaidi kidogo huwekwa mayai 100 hadi 300, wakati mwingine zaidi.

Zamu za wazazi

Kuanzia hapo mfugaji hana kazi ila kutulia, na huo ndio mtihani mkubwa. Wazazi hupepea mayai kwa mapezi na kuyaondoa yale yaliyokufa. Mlango ukibamizwa, taa ikizimwa ghafla, au mtoto wa nyumbani akigonga kioo, jozi changa huweza kula mayai yote kwa dakika tano. Hilo likitokea mara moja, mbili, hata tatu, si sababu ya kuwauza. Jozi nyingi hujifunza kazi baada ya kukosea mara kadhaa, nao hutaga tena baada ya siku saba hadi kumi. Usiku iachwe taa hafifu, ili walinzi waone mayai yao.

Baada ya kiasi cha saa 60 mayai hupasuka. Vitoto hubaki vimening'inia kwenye chungu, mikia ikitikisika kama nyasi penye upepo, vikiishi kwa kiini cha yai. Kinachodondoka huchukuliwa na mzazi kwa mdomo na kurudishwa mahali pake. Siku ya tano au ya sita huogelea, na saa hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Ni lazima vimpate mzazi. Yafaa kupunguza maji hadi nusu ya tangi ili safari iwe fupi, na kuondoa kila kitu cheusi, kwa kuwa vitoto huvutwa na weusi. Kama chujio ni jeusi kuliko mama, vitajibandika kwenye chujio na kufa hapo.

Hapa ndipo tamaa ya wanadamu ilipoleta taabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa Thailand walitoa aina mpya yenye wekundu wa kung'aa, ikapewa jina la damu ya njiwa, na dunia yote ikaitaka. Samaki hao hawana ile rangi ya giza ambayo wazazi wa porini huivaa wakati wa kulea. Matokeo yake, vitoto vyao mara nyingi havimwoni mzazi. Tumemfuga samaki kwa ajili ya macho yetu hata mtoto wake mwenyewe asimtambue. Kwa anayeanza, sisi twapendekeza aina ya kahawia au ile ya rangi ya feruzi, ambayo Mmarekani Jack Wattley wa Florida alijipatia sifa nayo kuanzia miaka ya 1960, na ambayo hata daktari wa Kijerumani Eduard Schmidt-Focke aliishughulikia kwa miaka mingi huko Bad Homburg.

Huyo huyo Wattley alibuni njia ya kulea vitoto bila wazazi, katika bakuli za maji machache, akiwapakia ukingoni uji wa kiini cha yai na kubadili maji mara nyingi kila siku. Njia hiyo ilimpa vitoto wengi, na wafanyabiashara waliifuata. Wanayo hoja: mayai hayaliwi, na baadhi ya magonjwa ya mzazi hayamfikii mtoto. Lakini sisi hatuoni sababu ya mtu wa nyumbani kuifuata. Ni kazi ya kuchosha kupita kiasi. Mtu wa zamu ya usiku hawezi kuifanya kabisa. Na jambo zito zaidi ni hili: kizazi baada ya kizazi kikilelewa katika bakuli, hakuna anayejua tena ni jozi zipi zinazolea vyema na zipi zinazokula watoto wao, na zote mbili huuzwa na kuzaana sawasawa. Anayependa kuona watoto 40 wakimzunguka baba yao, awaache watoto kwa baba yao, hata kama angalipata 150 katika bakuli.

Siku ya nne au ya tano baada ya kuogelea, vitoto huanza kupewa artemia, yaani wadudu wadogo wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba. Mayai yao makavu huuzwa kwa kopo. Hutiwa katika chupa yenye maji ya chumvi na hewa, na baada ya saa 24 hadi 36 huwa hai. Matumbo ya vitoto yakionekana mekundu kama chungwa, wamekula. Baada ya majuma mawili hadi matatu watenganishwe, wazazi wapumzike. Mzazi aliyeachwa kwa muda mrefu huwa na vidonda ubavuni.

Magonjwa yapo. Samaki akiwa mweusi, akijificha pembeni, akikataa chakula na kutoa choo cheupe kama uzi, mara nyingi ana vijidudu vya tumboni. Dawa yake ni metronidazoli, ambayo hata binadamu hupewa kwa amiba, lakini kiasi kipimwe kwa lita za maji na mtu anayejua. Kila samaki mpya akae peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Polisi wa mpakani hawatahitaji maelezo zaidi juu ya hilo.

Wavuvi wa Barcelos

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao mara nyingi hausemwi na wapenda samaki. Katika Rio Negro, mbali juu ya Manaus, upo mji mdogo uitwao Barcelos. Kwa miaka mingi watu wake wameishi kwa kuvua samaki wa pambo. Diskasi huvuliwa usiku, mvuvi akiwa mtumbwini na tochi na wavu wa mkono, akimtafuta kati ya matawi mmoja baada ya mwingine. Mji huo una sikukuu ya samaki wa pambo ambamo wananchi hujigawa katika vikundi viwili vya kushindana kwa ngoma na mavazi: kimoja kina jina la samaki mdogo mwekundu aitwaye kadinali, na cha pili kina jina la diskasi.

Uvuvi huo haukati mti hata mmoja. Bali mvuvi hutaka msitu ubaki, maana samaki wake hula matunda na wadudu wa msitu uliozama. Wafugaji wa Asia, Ulaya na Florida walipozalisha samaki kwa wingi katika matangi, soko la Barcelos likapungua, na mtu aliyekosa soko la samaki hutafuta riziki kwa mbao, kwa ng'ombe, au kwa kuchimba dhahabu. Kwa hiyo wale wasemao kwamba kuzalisha nyumbani siku zote humwokoa samaki wa porini hawajaangalia jambo lote. Hatusemi mtu asizalishe. Wavuvi wetu wa Kigoma na wa Bujumbura, ambao kwa miaka mingi samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wamepelekwa kutoka kwao hadi Ulaya na Marekani, wanalifahamu swali hilo vizuri zaidi ya wengi.

Upo pia upande wetu. Magugu maji yaliyoziba bandari na magati ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 yalitoka katika bonde lile lile la Amazon, na yalisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Kwa hiyo samaki wa tangi, wa aina yoyote, asimwagwe mtoni, ziwani wala katika mfereji wa kambi, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa amezidi idadi. Apewe mtu mwingine, au auawe na kufukiwa. Maji ya tangi nayo yamwagwe bustanini, mboga huyapenda.

Uhamisho

Tumeulizwa na baadhi ya wenzetu mfugaji afanyeje barua ya uhamisho ikija ghafla, jambo ambalo katika kazi yetu halina msimu. Samaki wasilishwe kwa siku mbili kabla ya safari, ili wasichafue maji. Kila mkubwa awekwe peke yake katika mifuko miwili ya plastiki iliyovalishwa mmoja ndani ya mwingine, kwa kuwa mapezi yake hutoboa. Theluthi moja iwe maji ya tangi lake, theluthi mbili hewa, na oksijeni ikipatikana ni bora. Mifuko ifungwe kwa mpira, ilazwe katika sanduku lililotandikwa magazeti au blanketi, na sanduku likae gizani, mbali na injini ya gari. Sponji ya chujio isafirishwe ikiwa na unyevu katika maji ya tangi, isikauke, kwani bakteria wote wamo humo, na tangi jipya litaanza kazi siku hiyo hiyo. Wakifika, mifuko ielee juu ya maji mapya kwa nusu saa, kisha yaongezwe maji hayo ndani ya mfuko kikombe kimoja kimoja kabla ya kuwaachia. Wasipewe chakula hadi kesho yake.

Jozi iliyohamishwa kwa namna hii huweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kutaga. Chungu chao cha zamani, kikisafirishwa pamoja nao, huwasaidia.